Ijue hulka yako kabla hujaanza dayeti: mwongozo wa kitambi, presha na sukari kwa sie wa visiwani

Tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi, Unguja na Pemba watu wanatoka alfajiri na fulana na raba mpya, wazee kwa vijana, grupu kwa grupu, nyimbo na makofi, na ikifika mwezi wa pili ukiwatafuta wale wale huwaoni, washarudi barazani na chai yao ya vijiko vitatu. Tunawaita wavivu. Mie naona huo uvivu tunausingizia sana, wengi wao walichukua mpango wa mtu mwengine mwenye hulka nyengine kabisa wakataka uwakae wao. Mtu anaependa kukaa peke yake kaingizwa kwenye grupu la watu mia, mtu wa pupa kaambiwa apime wali kwa gramu, mtu wa wasiwasi kanunuliwa mashine ya sukari basi kutwa anajitoboa kidole mpaka usingizi umempotea.

Kwa hivo hapa tutakwenda kwa mpango mwengine, unajua namba zako kwanza, halafu unaijua hulka yako, halafu unapanga kula na kutembea na kulala kwa kuifuata hiyo hulka. Na kama tayari unatumia dawa, usiache wala usipunguze kitu kwa sababu ya nilichoandika mie, kaongee na daktari wako.

Hatua ya 1: Pima, usibahatishe

Kuna mkusanyiko wa mambo madaktari wanauita sindromu ya metaboliki, kwa lugha ya barazani ni kitambi, presha, sukari na mafuta mabaya kwenye damu, ambavyo vinapenda kuandamana. Daktari mmoja wa Marekani, Gerald Reaven, ndo alieieleza vizuri mwaka 1988 kwamba nyuma yake kuna mwili ambao haumsikilizi tena insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu, yaani kongosho linatoa insulini ya kutosha, hata ya kuzidi, lakini ini na misuli vinaziba masikio na sukari inabaki inazurura kwenye damu. Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayolizunguka ini na matumbo, yanachangia sana hapo kuliko mafuta ya makalioni na mapajani, ndo maana mtu anaweza kuwa mwembamba mikono na miguu, kitambi kimemtangulia, na hatari anayo.

Vipimo ni vitano na ukikutwa na vitatu vilivyopita mpaka basi umo. Kiuno, kwa sie Waafrika kinachotumika ni sentimita 94 kwenda juu kwa mwanamme na 80 kwenda juu kwa mwanamke. Presha, 130 kwa 85 kwenda juu, hata moja kati ya hizo mbili ikipita inahesabika. Sukari ya asubuhi hujala kitu, 5.6 kwenda juu kwa kipimo cha mmol/L, na namba zote za sukari na mafuta humu ni za kipimo hicho (ikifika 7.0 hiyo ishaingia eneo la kisukari chenyewe, na watarudia kipimo kuhakikisha). Mafuta ya damu yanayoitwa traigliseraidi, 1.7 kwenda juu. Na ile kolesteroli nzuri, HDL, hii inaogopwa ikiwa chini: chini ya 1.0 kwa mwanamme na chini ya 1.3 kwa mwanamke.

Kiuno unapima mwenyewe nyumbani. Chukua futikamba ya fundi cherehani, vua dera au kanzu maana nguo zinaongeza na zinadanganya, tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho chini kabisa, halafu tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, katikati ya hapo ndo pa kupimia, na siyo pale unapofunga mkanda wa suruali kwa sababu wenye kitambi mkanda wanaufunga chini ya tumbo halafu wanasema saizi yangu haijabadilika tokea skuli. Futikamba ilale sawasawa mpaka mgongoni, mwambie mtu akuangalilie nyuma, toa pumzi ya kawaida kisha soma. Usivute tumbo ndani, unamdanganya nani?

Presha nayo ina adabu zake. Kaa kitini dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini usiikunje, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita, usizungumze wakati mashine inapiga. Pima mara mbili. Mtu katoka Wete na gari kasimama njia nzima, kapanda ngazi mbio, kakaa tu kavishwa mpira wa mkono, ile namba usiiamini. Sukari na mafuta nenda hospitali, Chake, Wete, Abdulla Mzee kule Mkoani, Mnazi Mmoja kwa walioko mjini Unguja, au anza na kituo cha afya kilichokaribu yako wakuelekeze. Nenda hujala kwa masaa nane au zaidi, maji matupu unakunywa.

Hatua ya 2: Hulka yako ni ipi?

Wanasaikolojia wanaigawa hulka ya mtu kwenye mafungu makubwa matano: upangilifu, wasiwasi, uchangamfu, upole wa kukubaliana na watu, na kupenda mambo mapya. Kila mtu anayo yote matano, tofauti ni kiasi tu, na tafiti za mapacha zinaonesha kama nusu ya hizo tofauti tunarithi, kwa hivo ukiona una pupa kama babu yako usishangae.

Sasa inahusiana vipi na sukari? Mwaka 2014 walikusanywa watu zaidi ya elfu 30 kutoka tafiti kadhaa kubwa za Marekani, Uingereza na kwengineko, wote hawana kisukari mwanzoni, na waliokuwa na upangilifu mdogo ndo waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuupata baadae, na sehemu ya hatari hiyo ilipitia kwenye unene na kutokufanya mazoezi. Huko Baltimore Marekani kuna utafiti mwengine uliofuatilia watu kwa miaka 50, uliotoka 2011, wale wenye pupa kupita wote walikuwa wazito kwa kama kilo 10 kuliko wale wasokuwa na pupa kabisa. Lakini tusielewane vibaya, hizi ni wastani za watu wengi na hulka haikupi kisukari peke yake, inapitia kwenye mdomo, kwenye miguu, kwenye sigara na kwenye usingizi. Kuna mpangilifu mkubwa sana mwenye sukari na kuna ovyoovyo wa kutupwa ana miaka 80 hajui hata mashine ya presha inafananaje.

Usijipime mwenyewe hapa, kila mtu ni mpangilifu akijihadithia. Muulize mkeo, mumeo au dada yako maswali haya: mie nikipewa dozi ya siku saba naimaliza? Kukiwa na halua ndani, inafika kesho? Nikiudhika nakula au nakosa hamu? Nikiambiwa "ongeza" naweza kusema nishashiba? Nikikaa peke yangu siku nzima nachoka au napumzika? Akianza kucheka kabla hujamaliza swali, jibu ushalipata.

Hatua ya 3: Panga kwa hulka yako

Hapa ndo penye kazi, soma panapokuhusu.

*Msahaulifu, asie na ratiba.* Wewe usitegemee kichwa wala hamu, tegemea kitu ambacho tayari hukikosi. Sie bahati yetu tuna swala tano, ni misumari mitano ya kutundikia mambo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, "ikitokea kadha, ntafanya kadha", na kwamba inafanikiwa zaidi kuliko kusema tu "mwaka huu ntafanya mazoezi". Kwa hivo kidonge cha presha cha asubuhi kikae pale pale panapokaa msala wako wa kuswalia, juu watoto wasipafikie, ukimaliza Alfajiri kabla hujaukunja unameza. Ukitoa salamu ya Alasiri unavaa raba, hujakaa, maana ukikaa tu ishakwisha. Ukitoka Isha unarudi nyumbani kwa njia ndefu. Mambo mawili yanatosha kuanzia, usijitwishe saba.

*Mwenye pupa.* Ugomvi wako wewe ni macho na pua. Mtu wa pupa akipita Forodhani na njaa, pale kwenye moshi wa mishkaki na bakuli la urojo linavyotiwa bajia, kachori, chenga za muhogo na chatne juu, hapo hakuna dayeti wala nia, na mie simlaumu. Dawa ni kutofika hapo na njaa, au kupita njia nyengine. Nyumbani vivyo hivyo: kisichokuwepo kabatini hakiliwi saa nne ya usiku. Nunua biskuti moja ukiitaka, usinunue boksi eti ni rahisi kwa jumla, huo urahisi unaulipia kwengine. Chakula pakua jikoni kisha sufuria ibaki huko huko, usije nayo mkekani. Na usihesabu kalori, utahesabu siku mbili ya tatu uchoke ule kwa hasira.

*Mwenye wasiwasi.* Huyu anasumbuliwa na mambo mawili yanayopingana, ama hapimi kabisa kwa kuogopa kuambiwa, ama anapima kila saa. Wasiwasi wa muda mrefu unaweka juu homoni ya kotisoli, na kotisoli inaliambia ini litoe sukari na inapenda mafuta yakae tumboni, juu ya hapo mtu akiwa na dhiki anatafuta vitamu na usingizi haupati. Na presha yake ikipimwa hospitali inapanda kwa sababu kamuona daktari tu, hili lipo na madaktari wanalijua, ndo wengine wanaambiwa wakapime nyumbani. Mpango wako: mkabidhi mtu mmoja unaemuamini mambo ya kupima, ratiba iwe ya daktari na siyo ya moyo wako, na mazoezi yako yawe ya kutuliza, kutembea pwani, kuogelea, kulima bustani, dakika zile zile kila siku. Kama dhiki imekuzidi mpaka hulali, huna hamu ya kitu, unalia bila sababu, hilo mwambie daktari kama unavyomwambia maumivu ya mgongo. Unyonge wa moyo na kisukari kila kimoja kinamkaribisha mwenziwe.

*Mpole asiejua kusema hapana.* Hulka nzuri kuishi nayo, lakini ikifika harusi, maulidi, hitma, mtu anakufa na shibe kwa kumuonea haya mwenyeji. Sasa sikiliza, sinia ndo rafiki yako. Kwenye sahani kila mtu anaona umebakisha nini, kwenye sinia la watu wanne au watano hakuna anaejua nani kala kiasi gani, kila mtu anakula mbele yake. Anza na kachumbari na kipande cha nyama au samaki, wali uje mwisho (ukianza na mboga na kitoweo sukari haipandi kwa kasi ile), tonge ndogo ndogo, tafuna, ongea na wa pembeni yako, mwenyeji akisukuma nyama upande wako pokea halafu msukumie mzee aliyeko karibu, utaonekana una adabu zaidi. Usiwahi kunyanyuka wa mwanzo, utaulizwa chakula kibaya? Kwa khalati yako ambae lazima akupakulie mwenyewe, mwambie "daktari kanikataza", usiseme "nafanya dayeti". Daktari hajibishwi, dayeti utachekwa nayo na utaongezewa.

*Mchangamfu.* Wewe ndo wa yale magrupu ya Januari, kaa humo humo usitoke, ila hama kutoka kusema mpaka kuongoza, jipe kazi ya kuwaamsha wenzako kwa simu, ukiwa kiongozi huwezi kulala. Hatari yako ni baraza. Kahawa chungu yenyewe haina neno, neno lipo kwenye kashata na kwenye masaa matatu ya kukaa kitako. Simama, zungumza umesimama. Na yule asiependa watu asikubali kuburuzwa kwenye grupu, atembee pekee yake na redio yake ya masikioni, misuli haijui kama uko na watu.

*Mwenye hasira za karibu.* Miaka ya 1950 madaktari wa moyo wawili wa San Francisco, Friedman na Rosenman, walidhani watu wenye haraka na kushindana ndo wanaougua moyo, baadae tafiti zikaonesha haraka peke yake siyo tatizo sana, kinachoumiza zaidi ni chuki na kudhania watu ubaya. Kwa hivo kama unakimbia huku na huku kwa kazi zako, endelea. Kama unagombana na konda, na jirani, na mpaka na taarifa ya habari, hapo pana la kushughulikia, na sigara yako ya baada ya ugomvi ndo ya kuanza kuitoa.

*Mpenda mambo mapya.* Mwezi huu siki, mwezi ujao mdalasini, mwezi mwengine mbegu kaziona kwenye simu. Jaribu uyatakayo kwenye mapishi, samaki wa kuchoma, mboga ambazo hujawahi kula, kisamvu kwa tui jepesi. Ila usijaribu kwa kuacha metfomini, kile kidonge cha sukari, au kidonge cha presha eti unatumia majani, hapo tunazika watu.

Hatua ya 4: Yasiyojali hulka

Chai. Hebu tuhesabu pamoja, vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, vijiko tisa, kijiko cha chai ni kama gramu 4, hizo 36 kwa siku kwenye chai tu. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa ikishuka mpaka kama gramu 25, vijiko sita, ndo bora, na hapo sijagusa mandazi, vitumbua, juisi ya miwa wala soda. Usikate yote siku moja, toa nusu kijiko, ulimi ukizoea toa nusu nyengine, ukizidisha mdalasini, hiliki na mchaichai huoni sana. Sie tunaolima viungo tukanywa chai ya sukari tupu, jamani.

Wali haukatazwi, kinachokatazwa ni mlima. Mchele wa mapembe au wa duka ni ule ule mbele ya kongosho, punguza robo, pengo hilo lijaze mchicha, matembele, maharage au samaki. Wali kwa mbatata kwa boflo katika mlo mmoja ni wanga mara tatu. Tui zito la nazi lina mafuta magumu mengi, tumia tui la pili siku za kawaida, la kwanza liache kwa wageni.

Kutembea. Mwaka 2002 Marekani ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa wanaukaribia ugonjwa wa sukari, kundi moja walitakiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito na wajishughulishe dakika 150 kwa wiki, kutembea kwa haraka kunatosha, na hatari yao ya kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Waliopewa metfomini ilishuka kwa 31. Mwenye kilo 90 asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo tu, haambiwi awe kama mwanamitindo. Na wakati mzuri ni baada ya kula, dakika kumi au kumi na tano, maana msuli ukifanya kazi unachukua sukari kwenye damu bila kumsubiri sana insulini. Akina mama wasioweza kutoka usiku, uwani panatosha. Wachumaji karafuu wakati wa msimu hawana haja ya haya, wanapanda, wanabeba, wanaanika, shida ni msimu ukishamalizika mwili umekaa na tumbo bado linadai chakula cha mchumaji.

Usingizi, masaa saba hivi. Kukosa usingizi kunaongeza njaa na kunazidi kumfanya insulini asisikilizwe. Mwenye kukoroma sana kisha pumzi inakatika usiku, mkewe au mumewe amwambie ukweli, inahusiana na presha na inatibika.

Hatua ya 5: Rudia kupima, na Ramadhani uipange mapema

Kiuno pima mwisho wa kila mwezi, mahali pale pale. Sukari na mafuta baada ya miezi mitatu mpaka sita kama daktari alivyokwambia, kuna na kile kipimo kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi mitatu nyuma, kiulizie. Kama namba hazijashuka usiongeze ukali, angalia kwanza kama mpango ni wa hulka yako kweli au umeukopa kwa jirani.

Ramadhani watu wengi wanaongezeka uzito, funga yenyewe haina kosa, kosa lipo kwenye futari: muhogo, majimbi, ndizi, tambi za sukari, sambusa, na juisi ya kuteremshia. Chagua wanga mmoja, tende chache, samaki, na tarawehe uiendee kwa miguu. Anaetumia insulini au vidonge vya sukari amuone daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu dozi na saa zake zinabadilika, na wengine hawatakiwi kufunga kabisa. Kujitoboa kidole hakufunguzi, usiogope kupima mchana. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 funga inafunguliwa pale pale, hata ikiwa imebaki robo saa kuadhiniwa Magharibi, na kama ni ya kushuka unakunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, unapima tena baada ya dakika 15, ikiwa bado iko chini unarudia na unatafuta gari ya hospitali.